Kiangazi cha Alimsho

Dushanbe, 9 Oktoba 2016

Dada Savsan, Ya Ali Madad.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti la Baba limepata nafuu, na Nozanin wangu amezoea maziwa ya ng'ombe. Sisi hapa tuko salama. Nywele za kaka yake Alimsho zimeota tena, ila zimeota za mawimbi na mwenyewe hazitaki. Jana alimwambia muuguzi, "Hizi si zangu, mmenipa za mtu mwingine." Muuguzi akamjibu, "Basi zirudishe, mwenyewe anazitafuta." Wodi nzima ikacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba wodi ile inaweza kucheka.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu unaijua simu ya huko. Mpaka mtu apande kile kilima nyuma ya shule ndipo ishike, na ukifika juu unakuta nusu ya kijiji wamesimama wanangoja zamu huku wakisikiliza ya mwenzao. Haya ni ya sisi wawili.

Dripu zimekwisha. Picha za tumbo hazionyeshi kitu. Lakini Daktari Sabohat anasema uvimbe wa aina hii, unaoanzia kwenye mishipa ya fahamu ya watoto wadogo, una tabia ya kujificha, kwa hiyo hataiamini picha peke yake. Kila baada ya miezi mitatu watamtoa damu na kuipeleka maabara nje ya nchi. Nikamuuliza wanatafuta nini humo. Akasema, "Uvimbe ukiwa hai, hata uwe mdogo kama punje ya mtama, unadondosha makombo yake kwenye damu. Ni makombo ya vinasaba, yale maandishi ya urithi yaliyo ndani ya mwili wa kila mtu. Ya uvimbe yana kosa lake, tunalijua. Tukiliona kosa hilo kwenye damu, tunajua mwenyewe yumo ndani, hata kama picha haijamwona."

Damu ya kwanza imetoka safi. Nililala siku hiyo mchana kutwa, Dada, kama mtu aliyetoka kuvuna.

Sasa neno lenyewe. Daktari aliniuliza kama kwetu kuna mtoto mwingine aliyewahi kuugua hivi. Nikasema hapana. Kisha njiani nikamkumbuka Shonazar, kaka yetu aliyefariki mimi nikiwa tumboni. Mama hakumtaja hata siku moja. Wewe ulikuwa na miaka tisa, lazima unakumbuka. Alikufa kwa nini?

Na Nozanin, ananiulizia?

Mdogo wako,
Munavvar


Bartang, 3 Novemba 2016

Munavvar mdogo wangu, Mawlo Ali Madad.

Barua yako imefika kwa mkono wa Gulmamad dereva, imepakwa mafuta ya gari lakini inasomeka. Tumefurahi mno kwa habari za damu. Baba alinitaka niisome mara mbili, halafu akatoka kwenda kuwaambia majirani kana kwamba yeye ndiye aliyemtibu.

Huku viazi tumevuna vizuri. Aprikoti kavu nimejaza magunia, nitakupelekea. Ng'ombe yule mwekundu amekataa kukamuliwa na mtu mwingine isipokuwa mimi, kwa hiyo sina pa kwenda, nimeolewa na ng'ombe. Nozanin ametembea. Aliacha nguzo ya katikati ya nyumba akaenda mpaka kwenye jiko bila kushikwa, akakaa chini, akajipigia makofi. Ana meno sita na anamng'ata Baba. Anapenda mikate iliyolowekwa kwenye chai ya maziwa, akiikosa ananuna kama bibi harusi.

Theluji imeanza kuonekana juu. Gulmamad anasema ana safari moja tu iliyobaki kabla barabara haijafungwa. Mvalishe mtoto vizuri. Nakutumia soksi nilizofuma, ndefu, usinicheke rangi.

Dada yako,
Savsan


Dushanbe, 12 Desemba 2016

Dada Savsan, Ya Ali Madad.

Soksi zimefika. Alimsho amezivaa mikononi na kwenda nazo mpaka hospitali, akisema ni mikono ya dubu. Baba yake, Imomdod, alipiga simu kutoka Urusi, anasema jengo wanalojenga limefika ghorofa ya kumi na baridi ya huko inapasua midomo. Anakusalimu.

Hukunijibu kuhusu Shonazar. Labda ulisahau kwa furaha ya habari za damu. Nauliza tena, kwa sababu mambo yamesogea. Wamepima damu yangu pia. Chini ya lile kosa la uvimbe kuna kosa jingine lililoufungulia njia, Alimsho alizaliwa nalo, na alilipata kwangu. Ninalo mimi, tangu tumboni mwa Mama, na halikunifanya kitu. Daktari anasema ndivyo lilivyo, mmoja hulibeba hadi uzeeni na mwingine linamwamshia uvimbe akiwa na miaka mitatu. Nilimuuliza kwa nini. Akasema hajui, na hakuna anayejua.

Kwa hiyo wanataka damu ya Nozanin. Kichupa kimoja tu. Kule Khorog kuna muuguzi anayejua kuiandaa na kuituma. Kama hana kosa hilo, hatasumbuliwa tena. Kama analo, watamchunguza mapema, uvimbe ukiwa bado haujapata nguvu. Mpeleke, Dada. Ukienda na Gulmamad ni safari ya siku moja.

Niandikie. Hata mistari miwili.

Munavvar


Bartang, 20 Machi 2017

Munavvar mdogo wangu, Mawlo Ali Madad, na heri ya Navruz, mwaka mpya unaokuja.

Barabara imefunguliwa juzi. Barua yako ya Desemba ilikuwa imelala posta ya Rushan majira yote ya baridi, nimeipata pamoja na gunia la unga. Maporomoko ya theluji yalichukua zizi la jirani Odinamo, mbuzi wote, ila yeye mwenyewe alikuwa kwetu anakunywa chai na kunisema kwa kuitia chumvi kidogo. Sasa haisemi tena chai yangu. Baba hajambo. Nozanin anakimbia. Anazungumza maneno mengi, mengine ya kwake mwenyewe ambayo ni sisi wawili tu tunaoyaelewa.

Kuhusu lile jambo lingine, barabara ilikuwa imefungwa kama unavyojua.

Mimi ninachotaka ni umlete Alimsho nyumbani kiangazi hiki. Kama picha ni safi na damu ni safi, anafanya nini tena kwenye joto la mji? Mtoto amesahau sura ya kijiji chake. Dada yake hamjui. Aprikoti zitakuwa nyingi, naona kwa maua. Mwambie daktari wako kwamba hata hewa ni dawa, na kama hataki kuamini, aje nimuonyeshe wazee wetu.

Savsan


Dushanbe, 2 Mei 2017

Dada Savsan, Ya Ali Madad.

Tunakuja. Daktari ameruhusu. Tutafika mwanzoni mwa Juni, forosadi zikiiva. Tutakaa mpaka Septemba.

Usialike watu, usichinje kitu. Mwambie Baba pia. Alimsho ni mzima, ana mashavu, anakimbia, utamwona mwenyewe. Akikosea mkanye kama unavyowakanya watoto wengine.

Nimekukumbuka mno.

Munavvar


Bartang, 18 Septemba 2017

Munavvar,

Salamu utaipata mwishoni kama bado nitakuwa nayo.

Jana nilipanda kilimani kumpigia shemeji, kumwambia mmeondoka salama na kwamba Gulmamad amewafikisha Khorog. Walikuwepo Odinamo, mwalimu wa hesabu na wale vijana wawili wa mwisho wa kijiji. Imomdod akaniuliza, "Mguu wake bado unamuuma?" Nikasema, "Mguu gani?" Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayedhani najua kila kitu, "Dada, tangu ile damu ya Aprili tulikuwa tunangoja tu ugonjwa uanzie wapi."

Nikamuuliza damu ya Aprili ilisema nini. Akaniambia. Nikakaa chini palepale kwenye mawe. Odinamo akaninywesha maji, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuuliza kitu.

Ulijua. Barua yako ya Mei haikutaja damu hata neno moja, na mimi mjinga nikaona kimya hicho ni uzima. Ulijua alipokuwa juu ya mti wa aprikoti ananitupia kokwa. Ulijua nilipomfokea kwa kumwachia ndama anyonye maziwa yote ya asubuhi. Nilimchapa, Munavvar. Nilimchapa makalioni kwa mkono wangu, akalia, na wewe ulikuwa pale mlangoni unapepeta ngano, ukanitazama, ukaendelea kupepeta. Ningejua, ningemwaga maziwa yote ya bonde hili miguuni pake. Ningembeba kila siku. Ulininyima hilo. Kwa nini?

Savsan


Dushanbe, 11 Oktoba 2017

Dada Savsan, Ya Ali Madad. Mimi salamu bado ninayo, kwa hiyo naitanguliza.

Ndiyo, nilijua.

Mwezi wa Aprili Daktari Sabohat aliniita ofisini na kufunga mlango. Akasema, "Makombo yamerudi. Machache, lakini yamerudi, na nimeirudia damu mara ya pili kuhakikisha." Nikamwambia mtoto yuko nje anaruka kamba na wauguzi. Akasema, "Najua. Picha zake nazo ni safi. Sioni uvimbe popote. Damu imetuambia mapema, basi." Nikauliza mapema kiasi gani. Akasema huenda mwezi, huenda miezi sita. Nikauliza dawa. Akasema ile kali ameshapewa yote ambayo mwili wake unaweza kubeba. Iliyobaki ni ya kupunguza maumivu na kuchelewesha kidogo, na kwa anavyojua yeye, kuianza leo au kuianza akianza kuumwa ni mamoja.

Nikamwambia, "Sasa habari hii niifanyie nini?" Alivua miwani. Alisema, "Dada yangu, hata mimi sijui. Nimefundishwa kuipata mapema. Cha kuifanyia hawajanifundisha."

Nilitembea naye Alimsho mpaka bustanini. Akala aiskrimu, akanipaka nyingine. Nikafikiria, nikimwambia Savsan, na Baba, na kijiji, mtoto huyu atafika nyumbani kama maiti anayetembea. Watu watamshika kichwa. Wanawake watageuza nyuso wakimwona. Hakuna atakayemtuma maji wala kumwambia nyamaza. Yeye ana akili, angejua siku ya kwanza tu. Mwaka mzima hospitali watu wamemhurumia, Dada. Nilitaka kiangazi kimoja ambacho mtu atamfokea.

Na ulimfokea. Usiku ule alinung'unika mpaka akalala, kwamba mama mkubwa ana mkono mgumu, kwamba ndama alikuwa na njaa, kwamba kesho atakuomba msamaha lakini si mapema. Nilimsikiliza kama mtu anayesikiliza muziki. Ulimpa kitu ambacho mimi nisingeweza, kwa sababu mimi nilikuwa najua.

Sasa mguu wa kushoto unamuuma, na weusi umeanza tena kuzunguka macho. Anatembea kwa kushika ukuta. Amepewa dawa, maumivu yametulia.

Kuna jambo jingine, na hili nalo tulipitisha kiangazi kizima bila kulitaja. Nilisikia Nozanin anakuitaje. Siku ya kwanza nilipomnyanyua alipiga kelele, akakunyooshea mikono, akasema "nan," lile lile tulilomwita mama yetu. Ulijifanya hukusikia. Mimi pia. Ndiyo maana sikumpeleka Khorog mwenyewe, nilijaribu kumfunga mgongoni siku ile mlipokwenda kukata majani, akalia mpaka akatapika. Sikuombi umsahihishe. Nakuomba damu yake. Theluji haijashuka. Kwa nini hutaki, Dada?

Munavvar


Bartang, 5 Novemba 2017

Munavvar mdogo wangu, Mawlo Ali Madad.

Nimetoka Khorog juzi. Damu imetolewa. Nilimkalisha mapajani, muuguzi akampa kengele achezee, sindano ikaingia na kutoka, ndipo akakumbuka kulia. Alilia kwa hasira zaidi ya maumivu. Muuguzi akataka na yangu, nikamwambia mimi sina mtoto, hiyo damu yangu imwambie nani. Akaniacha.

Nimefanya ulichoomba, sasa nikuambie ulichouliza mwaka mzima.

Shonazar alikuwa na miaka mitatu. Mama alikuwa na mimba yako, mgongo ukimsumbua, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nambeba mtoto. Kutwa nilikuwa naye mgongoni, mtoni, shambani, kwenye kuni. Ikaja siku akaanza kuchechemea. Kisha macho yake yakazungukwa na weusi, yote mawili, kama mtu aliyepigwa ngumi. Tumbo likawa gumu. Wanawake walikuwa wanafua chini ya daraja, nikapita naye, mmoja akasema kwa sauti, "Huyu msichana kamwangusha mtoto kwenye mawe, naye anaficha." Kufika jioni kijiji kizima kilikuwa kinajua nimemwangusha. Baba aliniuliza, "Umemwangusha?" Nikasema hapana. Akaniuliza tena. Mama hakuniuliza. Laiti angeniuliza.

Alikufa kabla ya mavuno. Ulipozaliwa wewe, Mama hakunipa nikubebe. Hakusema kwa nini. Nilikuwa nakutazama ukiwa kwenye mapaja ya shangazi, nyumba hii hii, mimi niko upande wa pili wa jiko. Nimekushika mara ya kwanza ukiwa unatembea mwenyewe, na ni wewe uliyenijia.

Nimekaa na jambo hilo miaka yote mpaka nami sijui tena. Nikifumba macho naona mawe, naona ananiteleza mgongoni. Sijui kama niliona au niliambiwa mpaka nikaona. Alimsho alipoanza ule weusi mara ya kwanza nilimtambua Shonazar usoni kwake, nikatoka nje.

Halafu wewe ukaenda mjini ukaniachia Nozanin. Mtoto wa miezi minne, ukamweka mikononi mwangu, ukapanda gari. Hukuniuliza kama nitaweza. Ndiye mtoto wa kwanza mtu kunikabidhi kwa hiari yake. Unataka damu yake, na mimi nawaza, ikionekana mbovu, watasema ni mikono ile ile. Sikuwa na sababu nyingine. Ni hiyo tu.

Mwambie Alimsho ndama amekuwa mkubwa na ana tabia mbaya kama yake.

Savsan


Dushanbe, 16 Januari 2018

Dada Savsan, Ya Ali Madad.

Najua habari mlishaipata kilimani, Imomdod aliwapigia. Najua pia barua hii italala Rushan mpaka theluji ipungue. Naiandika hivyohivyo.

Imomdod aliwahi. Alikaa naye siku za mwisho. Alimsho alimtazama baba yake kwa muda, akamuuliza, "Umekuwa mfupi, au mimi nimekuwa mrefu?" Imomdod akamwambia, "Wewe umekuwa mrefu." Akaridhika. Hatukuwa hospitali, tulikuwa hapa nyumbani kwa binamu yetu. Asubuhi ile alitaka chai ya maziwa na chumvi nyingi, kama ya kwenu. Nilimpikia. Alikunywa vijiko viwili, akasema siyo, ya mama mkubwa ndiyo. Kisha akalala mkono wangu ukiwa chini ya kichwa chake, na pumzi ikawa inakuja kwa mbali, kwa mbali, na mara moja haikuja.

Barabara imefungwa, kwa hiyo tumemzika huku. Khalifa anayeongoza ibada za mtaa alikuja, taa ya chirogh ya kumwombea marehemu ikawashwa, watu wa Bartang walioko mjini walijaa mpaka ngazini. Siwezi kuandika zaidi ya hapo.

Majibu ya Nozanin yamekuja wiki iliyopita. Hana lile kosa. Hakulirithi kwangu. Daktari Sabohat alinisomea, akanipa karatasi, na mimi nikaishika, nikashindwa kujua nianze kulia kwa lipi.

Nilimsimulia habari za Shonazar, mguu, tumbo, yale macho. Hakuniacha nimalize. Akasema, "Ni uvimbe ule ule. Hupanda nyuma ya macho, damu ikavilia pale. Hata angelazwa kwenye pamba tangu azaliwe, macho yangekuwa meusi." Nikamwambia kuna msichana wa miaka tisa aliyelaumiwa. Akasema, "Mwandikie leo."

Hukumwangusha, Dada. Hukumwangusha. Alizaliwa na kosa lile, kama mimi, kama mwanangu. Hapakuwa na mawe.

Munavvar


Bartang, 24 Machi 2018

Munavvar mdogo wangu, Mawlo Ali Madad. Nakupa pole ya msiba kwa maandishi kwa mara ya kwanza, maana kilimani nilishindwa kutoa sauti.

Gulmamad alinipa barua yako mimi nikiwa na ndoo mkononi. Niliisoma nimesimama. Kisha nikaenda kwa Baba, nikamsomea yale ya Shonazar peke yake, mwanzo mpaka mwisho. Aliniambia nisome tena. Nikasoma. Akasema, "Nilikuuliza mara mbili." Nikasema, "Ndiyo, Baba." Akasema, "Mara moja ingetosha." Alijifunika joho lake kichwani, akakaa hivyo mpaka chakula kikapoa. Nikaenda na kwenye kaburi la Mama. Njiani nilikuwa na maneno mengi. Nilipofika nikafagia theluji juu yake, nikarudi.

Ninamlilia Alimsho kila mahali. Zizini zaidi.

Sasa nisikilize. Usimwache Imomdod akurudishe huku peke yako kwenye gari la watu. Nakuja mwenyewe. Tutatoka na Gulmamad wiki ijayo, tulale Khorog, tuendelee mpaka Dushanbe, unionyeshe alipolala mwanao. Ninakuja na Nozanin. Nimempima viatu, nimemshonea gauni. Usiku nilimwambia tunakwenda kwa nan. Akanicheka, akaweka kidole chake puani pangu kunionyesha aliko. Nikamwambia yuko mwingine, wa kweli, mwenye nyusi kama zako. Akalala.

Munavvar, tukifika atanishika shingo na hatataka kukujia. Atalia, unajua anavyolia. Wewe mchukue hivyohivyo akilia, na mimi niambie nitoke nje.

Dada yako,
Savsan